UCHANGANUZI: Kijana, kabla ya kumwaga mtaji kwenye kompresa, hesabu upepo kwanza

MSIMU huu ni kama kila mtu anataka kuwapa vijana pesa. Kuna Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 30, 2022. Kuna mradi wa NYOTA, unaofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia, ambao unatoa mtaji wa Sh50,000 kwa awamu kwa vijana waliochaguliwa katika wadi, walio na umri wa miaka 18 hadi 29, na hadi 35 kwa walio na ulemavu. Kuna Hazina ya Vijana ambayo imekuwepo tangu 2006. Na usisahau zile apu za mikopo zinazokubembeleza kwenye simu usiku wa manane.

Ukisikiliza hotuba, mjadala wote ni kuhusu mamilioni mangapi yametumwa na kaunti gani imepokea. Swali ambalo halijibiwi jukwaani ni hili: pesa zikishaingia kwa simu, unanunua nini?

Kwa vijana wengi wenye ufundi wa mikono, jibu huja haraka. Kompresa. Na si ajabu. Mashine moja ya upepo inaweza kukufungulia kazi nyingi nyuma ya nyumba ya wazazi au kwenye kile kibanda cha mabati kando ya barabara: kujaza upepo matairi ya bodaboda, kupuliza rangi vitanda na milango, kusafisha vichujio vya hewa vya magari, kufungua nati za magurudumu, kupiga misumari ya makochi. Serikali yenyewe imekuwa ikisema kwamba milango na madirisha ya nyumba za bei nafuu yatoke kwa mafundi wa jua kali. Mlango usiopakwa rangi vizuri nani atauchukua?

Kwa hivyo hili si suala la dukani tu. Takwimu za KNBS zimeonyesha miaka nenda miaka rudi kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo iko katika sekta isiyo rasmi. Ukiambiwa "jiajiri", maana yake ni kwamba wewe ndiwe meneja, mhasibu na mhandisi. Hakuna idara ya ununuzi ya kukukagulia mashine. Ukikosea, Sh50,000 zako zimekaa pembeni zikiota kutu, na deni linakuja kila mwezi.

Hebu basi tuichambue hii kompresa polepole, jinsi mtu anavyochambua manifesto kabla ya kupiga kura.

Usinunue farasi, nunua upepo

Ukifika dukani, iwe ni Kirinyaga Road, Industrial Area au duka la vifaa mjini kwenu, muuzaji atakuambia mambo mawili: "Hii ni farasi mbili na nusu, tangi ni lita hamsini." Sauti yake itakuwa tamu. Lakini katika hayo mawili, hakuna hata moja linalokuambia mashine inatoa upepo kiasi gani kwa dakika. Na hicho ndicho kitu unachouza wewe kwa mteja.

Nguvu za farasi zinaonyesha mota inakula stima kiasi gani. Tangi linaonyesha unaweza kuweka akiba kiasi gani. Kazi yako inategemea upepo unaotoka, unaopimwa kwa lita kwa dakika au kwa CFM. CFM moja ni kama lita 28 kwa dakika.

Hapo pia kuna mtego. Kwenye kibandiko cha mashine ndogo unaweza kuona "lita 200 kwa dakika". Mara nyingi hiyo ni hewa ambayo pistoni inavuta ndani, si ile inayotoka kwenye mpira ikiwa na presha ya kufanyia kazi. Kwa mashine hizi ndogo, kinachotoka hasa huwa kati ya nusu na theluthi mbili ya kile kilichoandikwa. Kwa hivyo zile lita 200 zako zinaweza kuwa 110 au 120. Ni kama mshahara: kuna ule ulioandikwa kwenye barua ya kazi, na kuna ule unaoingia benki baada ya makato.

Sasa tuone akiba ya tangi inakupeleka wapi. Tuseme una tangi la lita 50, limejaa mpaka bar 8, ambayo ni takriban PSI 116. Bunduki yako ya rangi inahitaji lita 200 kwa dakika na mashine inatoa 120. Kila dakika unapungukiwa na lita 80. Presha ikishuka kutoka bar 8 hadi bar 6, tangi limekupa lita 100 tu za hewa ya kawaida, yaani mara mbili ya ukubwa wake. Gawanya 100 kwa 80. Una dakika moja na robo, kisha presha inaendelea kushuka, rangi inaanza kutoka kwa matone matone na mlango wa mteja unafanana na ngozi ya chungwa.

Tangi kubwa lingekuongezea muda, lakini halitengenezi upepo. Tangi ni benki, pampu ndiyo kazi. Mtu asiye na mapato hata akifungua akaunti tano hatatajirika.

Anza na kazi, si mashine

Kabla ya kuuliza bei, chukua karatasi uandike kazi tatu ambazo utafanya kila siku. Si zile unazoota, ni zile ambazo wateja wa mtaa wako wanalipia leo. Kisha linganisha.

Tairi la bodaboda likiwa bapa kabisa hula chini ya lita 20 za hewa. La gari dogo, lita 70 hadi 90. Hapo hata mashine ndogo ya lita 24 au 50 itakuhudumia bila matata, maana kati ya mteja mmoja na mwingine kuna mapumziko. Kupiga misumari ya makochi au kuchora kwa brashi ya upepo pia ni kazi nyepesi.

Tairi la lori ni mambo mengine. Hewa ndani yake ni lita mia moja na kitu, na presha yake hufika PSI 100 au zaidi. Hiyo ni zaidi ya lita 800 za hewa kwa tairi moja. Mashine ya lita 120 kwa dakika itatumia dakika saba au zaidi kwa kila tairi, huku ikikaribia mwisho wa uwezo wake wa presha. Dereva wa trela hatakusubiri. Kama kibanda chako kiko kando ya barabara kuu, kwa mfano Mlolongo au Salgaa, mashine ndogo itakufukuzia wateja.

Kupuliza rangi kunataka upepo usiokatika. Bunduki za kawaida hutaka lita 200 hadi 400 kwa dakika. Lakini kuna aina inayoitwa LVLP inayotumia kama lita 100 hadi 170. Fundi mwenye pesa kidogo akinunua bunduki hii badala ya kukimbilia mashine kubwa, anaweza kupaka kitanda au mlango kwa utulivu. Wauzaji wengi hawatakuambia, kwa sababu faida yao iko kwenye mashine na si kwenye bunduki.

Kazi yenye njaa kuliko zote ni kupiga msasa kwa upepo. Inakula hewa mfululizo, dakika baada ya dakika. Kama unataka kupiga msasa nyumbani, nunua ile mashine ya msasa ya stima. Ni rahisi zaidi na haitachosha kompresa yako.

Na kuchoka si utani. Mashine ndogo ambazo pampu imeunganishwa moja kwa moja na mota huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika. Zimetengenezwa kufanya kazi na kupumzika, nusu kwa nusu hivi. Ukiona yako haizimi hata kidogo tangu asubuhi, jua unaiua. Zile za mkanda huzunguka polepole, hupoa vizuri, na huishi zaidi. Ni ghali na nzito, lakini kama ndio mkate wako wa kila siku, hesabu inakubali.

Kuna pia zile zisizotumia mafuta. Ni nyepesi na hewa yake ni safi, jambo zuri kwa rangi. Lakini nyingi zina kelele na pistoni yake huisha mapema zikifanyishwa kazi ya gereji. Kwa kazi ya kila siku, yenye mafuta ndiyo mvumilivu, mradi uyaangalie na kuyabadilisha.

Stima ndiyo mshirika wako wa kimya

Sasa tuje kwa mshirika ambaye hakai kikaoni lakini anakula faida: stima.

Mota ya farasi 2 ni wati 1,500 hivi. Ikizunguka jumla ya saa tatu kwa siku, unatumia uniti 4.5. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 117. Tuseme uniti inakugharimu Sh30 pamoja na kodi na ada zote. Hiyo ni Sh3,510 kwa mwezi kwa kompresa peke yake. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Katika bei zilizoidhinishwa na EPRA mwaka wa 2023, mteja wa nyumbani huwekwa katika kundi kulingana na matumizi yake: hadi uniti 30, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Kompresa yako ikiingia kwenye mita ya nyumbani, mnaweza kuhama kundi, na hata ile stima ya kuchaji simu na kuwasha taa ikapanda bei. Mama atauliza tokeni zinaenda wapi. Weka mita ndogo ya kando ujue biashara inakula ngapi na nyumba inakula ngapi.

Pili, mota ikianza huvuta stima mara kadhaa zaidi ya kawaida yake. Ndiyo maana taa hufifia. Plagi yetu ya kawaida ni ya ampea 13, na kwa hali halisi farasi 3 ndiyo kama mwisho wake. Ukipita hapo unahitaji waya wake kutoka kwenye bodi, na mashine kubwa zinataka stima ya fezi tatu, ambayo ploti nyingi hazina. Usinunue mashine kubwa ya mtumba kutoka Ulaya bila kusoma kibandiko chake: ikiandikwa 400V, nyumbani kwako haitawaka. Ile iliyoandikwa 110V nayo ina shida zake.

Tatu, achana na ile ekstensheni nyembamba ya mita 30 kutoka sebuleni. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti, mota inanguruma bila kuzunguka, na mwishowe kapasita au koili inaungua. Ukitaka kufanyia kazi mbali, acha mashine karibu na soketi urefushe mpira wa upepo. Mpira haupotezi kama waya.

Na stima ikipotea? Sote tunakumbuka Agosti 25, 2023, nchi ilipoingia gizani, hata uwanja wa JKIA. Kama eneo lenu hukatiwa kila wiki, usichukue kazi za rangi zenye tarehe ya mwisho bila mpango mbadala.

Tangi mbovu ni bomu

Hapa naomba tusitaniane. Kuna mtindo mtaani wa kuunda kompresa kwa injini ya friji kuukuu na mtungi wa gesi ya kupikia. Video ziko tele kwenye TikTok na zinapendwa. Ubunifu nausifu, lakini mtungi wa gesi unaweza kubaki na mabaki ya gesi, hauna tundu la kumwagia maji chini, na ukiuchomelea vipande vya chuma unaudhoofisha. Injini ya friji nayo haina swichi ya kuizima presha ikizidi. Itaendelea kusukuma tu. Chuma kikichoka, hakitoi onyo.

Hata tangi la dukani lina adui, nalo ni maji. Hewa ikibanwa, unyevu wake hugeuka maji na kutulia chini ya tangi. Mombasa, Lamu au Kisumu, ambako hewa ina unyevu mwingi, utashangaa kiasi chake. Maji hayo hula chuma kutoka ndani ambako huoni. Kila jioni, toa presha na ufungue valvu ya chini maji yatoke. Ni kazi ya dakika moja. Maji hayohayo ndiyo yanayoharibu rangi, hivyo kama unapuliza, kichujio cha maji si mapambo.

Mashine yoyote lazima iwe na geji inayofanya kazi, swichi ya presha, na valvu ya usalama yenye pete unayoweza kuvuta. Ukivuta na isipige mluzi, usinunue. Usikubali fundi aizibe kwa sababu "inavujisha". Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka matangi ya hewa mahali pa kazi yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 24. Ni vibanda vingapi vya jua kali vimewahi kumwona mkaguzi huyo? Hapo ndipo mjadala wa mtaji kwa vijana ungepaswa kwenda, kwa maana serikali inayotoa pesa za kununua mashine bila kupeleka ukaguzi imefanya nusu ya kazi.

Jirani naye, na mapafu yako

Kompresa ndogo hupiga kelele ya desibeli 85 hadi zaidi ya 90 ukiwa karibu nayo. Kanuni za kelele za 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka kiwango cha desibeli 50 mchana nje katika maeneo ya makazi, na 35 usiku. Jirani mwenye mtoto mchanga hahitaji kuzisoma ndipo akushtaki kwa chifu. Weka mashine mbali na ukuta wa jirani, iwekee mpira chini, na uzime jioni. Zungumza na landilodi kabla hujaileta, si baada.

Kuhusu rangi, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Rangi za magari zenye kigumu huwa na kemikali ziitwazo aisosaineti, ambazo zinaweza kukuletea pumu ya kudumu. Nunua kinyago chenye vichujio vya mvuke, na upulizie mahali penye hewa. Ukishindwa kununua kinyago, bado hujawa tayari kupuliza rangi hiyo. Bima ya afya haitakurudishia mapafu.

Pesa ya siku 14, mashine ya miaka mitano

Turudi kwa siasa za mtaji. Mkopo wa kibinafsi wa Hazina ya Hasla ulianzishwa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kuanzia Sh500 hadi Sh50,000, na muda wa kulipa ni siku 14. Riba ni nafuu, hilo halina ubishi. Lakini siku 14 ni muda wa kununua nyanya na kuziuza. Kompresa itachukua miezi kujilipa. Ukinunua mashine kwa pesa ya wiki mbili, utakopa kwa apu nyingine ili ulipe ya kwanza, na hapo ndipo vijana wengi huingia kwenye shimo.

Ruzuku kama ya NYOTA inafaa zaidi kwa vifaa, kwa kuwa hairudishwi. Lakini Sh50,000 zinatosha mashine ndogo, bunduki, mpira, kichujio na kinyago. Hazitoshi mashine kubwa ya mkanda pamoja na vifaa vyake. Wengi watamaliza zote kwa mashine kisha wakose Sh3,000 za kinyago.

Kuna njia ya tatu ambayo hatuizungumzii vya kutosha, nayo ni kuungana. Kompresa haifanyi kazi kila dakika. Vijana watatu, mmoja wa makochi, mmoja wa matairi na mmoja wa rangi, wanaweza kununua mashine moja nzuri ya mkanda na kuwekeana ratiba. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: nani analipa tokeni, nani anamwaga maji, ikiharibika inakuwaje. Chama kimejenga ploti nchi hii, hakiwezi kushindwa na kompresa.

Na kaunti zinazojenga vibanda vya jua kali zinaweza kuweka kompresa moja kubwa ya fezi tatu, iliyokaguliwa, na mabomba ya upepo hadi kila kibanda, kila fundi alipe anachotumia. Viwanda hufanya hivyo kila siku. Mgombea atakapokuja kwenu 2027 akiahidi "kuwawezesha vijana", muulize swali hilo. Ukimwona anababaika, utajua aliandikiwa hotuba.

Kabla hujalipa, fanya jaribio hili

Mwambie muuzaji awashe mashine, valvu zote zikiwa zimefungwa. Fungua saa ya simu yako. Hesabu sekunde kutoka geji ikisoma bar 5 hadi ifike bar 7. Zidisha lita za tangi kwa 2, gawanya kwa sekunde hizo, kisha zidisha kwa 60.

Kwa mfano, tangi la lita 50 likichukua sekunde 55: 50 mara 2 ni 100, 100 gawanya kwa 55, mara 60, ni kama lita 109 kwa dakika. Huo ndio upepo unaonunua, hata kibandiko kikisema 200. Linganisha na ile karatasi yako ya kazi tatu.

Kisha zima mashine, subiri dakika kumi, tazama geji. Ikishuka sana, kuna mahali inavuja. Gusa waya, ukiwa moto, uliza kwa nini. Omba risiti, stakabadhi ya dhamana, na uulize spea za valvu na pete za pistoni zinapatikana wapi mjini. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, mwambie asante na uvuke upande wa pili wa barabara. Maduka ni mengi, lakini mtaji wako ni mmoja.